Geti la Nne Kutoka Kona

Inspekta Miwani aliyahesabu makufuli mara mbili, maana mara ya kwanza hakuyaamini macho yake. Mawili getini, mawili kwenye mlango wa nondo, mawili kwenye mlango wa mbao na moja stoo. Jumla saba, kwa nyumba ya vyumba vitatu ambayo sebule yake wakikaa watu watano, wa sita anasimama.

"Na bado anaingia," alisema mwenye nyumba. "Anafungua, anaingia, anatoka, anafunga. Huyu mtu ananidharau, Afande."

Mwenye nyumba alikuwa fundi wa lifti, lakini mtaa mzima ulimwita Katibu, kwa kuwa ndiye katibu wa kamati ya usalama na hapakuwa na kikao ambacho hakukiitisha mwenyewe. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi na ndevu za siku tatu zilimtoka ovyo. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikuwa amesimama karibu na mlango wa chumba cha mtoto, mkono mmoja umeshika kitasa, na hakuondoka pale muda wote waliokuwa wakizungumza.

Inspekta alishusha miwani ya pili kutoka kwenye paji la uso. Alikuwa na miwani mbili, moja ya mbali na moja ya karibu, na siku zote ile asiyoihitaji ilikaa kichwani. Ndiyo sababu ya jina lake, na hata mkuu wa kituo alishasahau lile la kwenye kitambulisho. Akafungua jalada na kuwasomea yale waliyoyasema wenyewe, ili kama kuna la kurekebisha walirekebishe.

Alhamisi ya wiki juzi, saa nne na nusu asubuhi au karibu na hapo, iliondoka redio ndogo. Alhamisi iliyopita, saa zile zile, likaondoka koti la kijivu la Katibu. Jumanne hii hakikuondoka kitu. Lakini Jumanne hii mtoto alikuwa ndani, ana homa na kikohozi, na mama yake alikuwa amemfungia kwa nje ili akimbie duka la dawa. Hakukaa nusu saa. Aliporudi alikuta makufuli yote yamefungwa kama alivyoyaacha, kiti cha sebuleni kimegeuzwa kikatazama dirisha, na mtoto wa miaka minane akamwambia kwamba mtu ameingia chumbani akamfunika shuka.

Hapo mama mtu alifumba macho. Koti lingesahaulika na redio ingenunuliwa nyingine. Lakini kila alipolala, alimwona mtu asiye na sura ameinama juu ya kitanda cha mwanawe.

"Nani mwingine ana ufunguo?" Inspekta aliuliza, ingawa jibu lilikuwa mbele yake kwenye karatasi.

"Nilishasema," mama alijibu kwa sauti ndogo. "Mdogo wangu peke yake."

Mdogo wake, shemeji yake Katibu, alikuwa mwoka mikate. Alipanga chumba mtaa wa pili, na ufunguo alipewa kwa sababu ndiye aliyemtoa mtoto shuleni kila siku na kukaa naye mpaka wazazi warudi. Zamu yake ilikwisha saa tatu asubuhi, kisha alikwenda kulala, na mtu aliyelala hana shahidi. Tangu jana jioni alikuwa mahabusu. Leo saa nane mchana angepelekwa mahakamani kusomewa shitaka la kuvunja nyumba, na mkuu wa kituo alishasema hataki kusikia habari za kungoja. Inspekta alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kasorobo.

Aliomba kuzungumza na mtoto. Mama alitaka kukataa, kisha akasogea kidogo tu, kiasi cha mtu mmoja kupita kwa ubavu.

Mtoto alikuwa amekaa kitandani akipaka rangi picha ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa wa bluu. Inspekta hakuuliza habari za mwizi. Aliuliza kwa nini mbuzi ni wa bluu, akajibiwa kwamba rangi nyingine zimekwisha. Halafu akauliza kama yule aliyemfunika shuka alikuwa mjomba.

"Si mjomba," mtoto alisema bila kuinua kichwa. "Mjomba ananukia mkate."

"Na yule?"

"Rangi ya viatu. Ile nyeusi."

Hakumwona uso, kwa sababu alijifanya amelala. Alisikia makufuli yakifunguka moja moja, bila haraka, akadhani ni mama. Mtu akafuta miguu mlangoni kwa muda mrefu, akakohoa, akaburuta kiti. Baadaye akaja kumfunika. Mtoto aliyasema haya yote kwa utulivu wa mtu anayesimulia habari za jirani, na Inspekta akayaandika neno kwa neno.

Sebuleni, Katibu alipoelezwa habari ya rangi ya viatu, alipiga goti lake kwa kiganja. Alikuwa na jibu tayari. Mlinzi wa mtaa, yule wa kibanda cha kona, alipewa buti na kamati na hakuna mtu anayeng'arisha buti kama yeye. Alikwishavaa viatu ili waende kumkamata, na ikabidi Inspekta amwambie akae.

Alikwenda peke yake. Mlinzi alimpokea kwa heshima zote, amevaa malapa. Buti zilifunguka midomo mwezi uliopita na kamati bado inalijadili suala hilo, alisema, na kwa jinsi Katibu anavyopenda vikao, litajadiliwa mpaka astaafu. Akamwonyesha daftari lake. Kila mgeni aliyeingia mtaani aliandikwa jina, saa na nyumba anayokwenda. Alhamisi mbili na Jumanne moja, saa nne mpaka saa tano, hapakuwa na mgeni hata mmoja.

"Hata huyo mwoka mikate?"

"Yule huja saa sita kwenda shule. Saa nne sijapata kumwona, na niliwaambia hivyo askari wenzako. Hawakuandika."

Inspekta aliandika. Kisha akasimama pale kona akautazama mtaa. Upande ule zilikuwa nyumba tisa, zimejengwa na mtu mmoja kwa ramani moja, na mageti yote tisa yalikuwa meusi ti. Alitafuta namba ya nyumba aliyotoka asiione. Aliuliza. Mlinzi akacheka kidogo na kusema namba zimeng'olewa miezi miwili iliyopita, ili mwizi asijue nani anakaa wapi. Rangi nayo ni azimio la kamati, kwamba nyumba isiyojitenga haimvuti mwizi. Zamani kila mtu alikuwa na rangi yake. Mzee wa Posta lake lilikuwa jekundu, linaonekana toka barabara kuu.

"Sasa wewe unazijuaje?"

"Nahesabu, Afande. Kwa Katibu ni la nne kutoka hapa."

Inspekta naye akahesabu. La nne lilikuwa kwa Katibu. Akaendelea kwa miguu, akipita la tano, na mbele ya geti la sita akamkuta mzee mrefu, mwembamba, amekaa kwenye kigoda akipiga brashi kiatu cheusi. Ndani ya nyumba redio ilikuwa ikisoma habari. Mzee, ndiye yule wa Posta, alimwamkua kwa furaha, akamuuliza za nyumbani na za kazi. Bintiye akatoka na mkoba begani, akasema samahani, anawahi kazini. Jumanne na Alhamisi ndizo siku zake za kusafisha ofisi mjini, na baba hubaki peke yake mpaka saa saba. Alikuwa akilisema hilo kwa aibu kidogo. Mzee akageuka, akamwona Inspekta, na akamwamkua kwa furaha ile ile, za nyumbani na za kazi.

Inspekta alimwomba binti ufunguo wa geti kwa dakika tano tu. Binti alitaka kuuliza sababu, akautazama ule uso wenye miwani mbili, akautoa.

Inspekta alirudi kwa Katibu. Aliingiza ufunguo wa Mzee wa Posta kwenye kufuli la kwanza la geti, akauzungusha, likafunguka. La pili likafunguka. Mlango wa nondo, mawili. Mlango wa mbao, mawili. Katibu alikuwa amesimama nyuma yake, na kwa kila kufuli lililofunguka alipumua kwa kelele.

"Ulinunua wapi haya?" Inspekta aliuliza, aliporudi kutoka kuurudisha ufunguo wa watu.

Katibu alieleza. Kamati iliagiza katoni nzima kiwandani, kufuli imara la aina moja kwa kila nyumba, ili mtaa uwe na umoja. Yaliyobaki yaliwekwa kwake. Wiki juzi, baada ya redio, aliongeza matatu, na baada ya koti akaongeza mengine matatu. Aliona kwamba ufunguo wake wa kwanza unayafungua yote, na alifurahi. Badala ya kutembea na rundo la funguo, atatembea na mmoja. Hakuwaza kwamba na jirani yake yuko vivyo hivyo, kwa sababu hakuna jirani anayejaribu ufunguo wake kwenye geti la mwenzake.

Katoni yenyewe ilikuwa stoo, imejaa misumari. Inspekta alibadilisha miwani, akaipindua, akasoma kwa sauti maandishi madogo ya ubavuni, kwamba makufuli hayo ni kwa ajili ya maghala, na yote hufunguliwa kwa ufunguo mmoja. Katibu alikaa juu ya mfuko wa saruji.

"Kwa hiyo ni yeyote," alisema. "Mtaa mzima. Nyumba tisa, mtu yeyote."

Alitaka kuitisha kikao papo hapo, awapange watu mstari, anuse viatu vyao mmoja mmoja. Inspekta alimkatalia. Leo ni Alhamisi, alimwambia, na saa inakaribia nne. Mtu huyu ana siku zake na saa zake. Akamwagiza mama amchukue mtoto waende nyumba ya tano, wafunge makufuli yote kwa nje kama kawaida, na wasirudi mpaka waitwe. Mama alimvika mtoto sweta mbili, moja juu ya nyingine, wakatoka, na waliobaki ndani wakayasikia makufuli yakibana, la mbao, la nondo, la geti.

Walikaa kwenye ushoroba, Inspekta kwenye stuli na Katibu ameegemea ukuta, mkononi ana spana ya kazini, ndefu kama mkono wa mtoto. Inspekta alimwomba aiweke chini. Katibu alisema ataiweka baadaye. Dirishani nondo, na nyuma ya nondo wavu wa chuma. Mwanga uliingia kwa vipande.

"Kutoka ndani tunafunguaje?" Inspekta aliuliza baada ya muda.

"Hatufungui. Yako nje yote."

"Na Jumanne, mtoto akiwa humu peke yake, jiko lingeshika moto?"

Katibu alitazama mlango, akatazama dirisha, akatazama mlango tena. Mtu ambaye kila siku huwafundisha wapangaji wa maghorofa namna ya kutoka lifti ikikwama, alikuwa ameijenga nyumba yake isiwe na pa kutokea. Alijifuta jasho la kidevu kwa mkono ule ule wenye spana.

Saa nne na dakika ishirini na tano, geti lililia.

Kufuli moja. Kimya. La pili. Hatua zikaja kwenye saruji, si za mtu anayenyata, ni za mtu anayetembea kwake. Mlango wa nondo ukaguswa. Katibu alisimama wima, na Inspekta akamshika kifundo cha mkono. Kufuli la tatu, la nne. Mtu alikohoa. Kufuli la tano lilimsumbua kidogo, akaguna. La sita likafunguka na mlango ukasukumwa taratibu.

Alifuta miguu. Alifuta sana, kulia na kushoto, kama mtu aliyelelewa na mama mkali. Kisha akapita mbele ya ushoroba bila kugeuza kichwa, amevaa koti la kijivu ambalo mabega yake yalimshinda, akashika kiti cha sebuleni na kukiburuta mpaka dirishani. Akakaa. Akavua viatu vyake vilivyong'aa, akavipanga sambamba chini ya kiti.

Katibu alikuwa amekwishaiinua spana. Inspekta alihisi nguvu ya mkono ule ikimshinda, akauning'inia kwa uzito wake wote.

"Mama watoto," Mzee wa Posta aliita, akielekeza sauti jikoni. "Chai bado?"

Jikoni hapakuwa na mtu. Mzee alingoja, kama anayejua kwamba majibu mengine huchelewa. Halafu akainuka, akapita na soksi mpaka chumba cha mtoto, akasukuma mlango. Walimwona akisimama mbele ya kitanda kitupu. Alishika shuka, akalinyanyua, akatazama chini yake, akatazama nyuma ya mlango, na sura yake ikabadilika. Alipotoka alikuja moja kwa moja ushorobani.

"Mtoto yuko wapi?" alimuuliza Katibu uso kwa uso, bila kushangaa kumkuta pale. "Nilimwacha ana kikohozi. Nani amemtoa nje na baridi hii?"

Katibu alimtazama. Mkono ulishuka wenyewe, na spana akaiweka juu ya kabati la viatu kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Yupo, mzee," alisema. "Anaendelea vizuri."

"Mwambieni mama yake asimwache peke yake."

"Nitamwambia."

Yaliyobaki Inspekta aliyapata kwa kuuliza taratibu, huku mzee akinywa chai ambayo Katibu mwenyewe alimchemshia. Akiwa peke yake mzee hutoka kwa mlango wa nyuma kunyoosha miguu, anazunguka nyumba zote, kama alivyozunguka miaka thelathini na barua. Kwake ni geti jekundu. Siku hizi jekundu halionekani, lakini yeye si mjinga, anajua kwamba ni la nne kutoka kona. Ni la nne kweli, ukitokea kona ya kule. Siku ambazo miguu humrudisha kwa kona ya mlinzi, la nne ni la Katibu, na ufunguo wake unakubali. Vyumba ni vile vile, jiko liko pale pale. Redio aliichukua aisikilize matembezini. Koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango anapotundika lake.

Mlinzi hakumwandika kwa sababu yeye si mgeni.

Katibu alisikiliza mpaka mwisho. Rangi lilikuwa wazo lake, namba pia, na katoni aliibeba mwenyewe begani. Katibu aliuliza kitu kimoja tu, kwamba je, mahakama ni saa nane kamili au hutangulia, na alipoambiwa kwamba wakiondoka sasa watawahi, alikwishafika getini.

Saa saba na robo walikuwa kituoni, Katibu, mkewe na mtoto aliyevaa sweta mbili. Mkuu wa kituo alisoma maelezo ya mlinzi, akasoma ya mtoto, akaitazama katoni iliyowekwa juu ya meza yake, akasaini. Shemeji akaletwa kaunta. Alikuwa kijana mnene, mpole, na unga bado umemganda kwenye mikunjo ya viwiko, maana walimchukua akiwa ndiyo kwanza ameanza zamu.

Katibu alianza kusema, maneno yakampotea. Alisema samahani mara mbili na akaeleza habari ya katoni kwa haraka mno. Shemeji alimsikiliza kwa adabu, akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na hasira na shemeji yake. Alikuwa akimtazama dada yake.

"Walinisomea maelezo, dada," alisema. "Nikawaambia hapana, hayo ni ya shemeji. Wakanionyesha sahihi yako."

Dada alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba ni mtoto, kwamba mtu alisimama juu ya kitanda cha mtoto, kwamba hakuwa na akili siku ile. Machozi yalitangulia.

Askari wa zamu alimwaga bahasha juu ya kaunta na kusoma orodha kwa sauti ya kazini. Mkanda mmoja. Simu moja. Ufunguo mmoja. Shemeji alivaa mkanda, akatia simu mfukoni, akaweka sahihi. Mtoto alimshika mkono, akaunusa, akamuuliza kama kesho watapitia dukani wakitoka shule. Mjomba alimpapasa kichwa kwa muda, akamwambia amuulize mama yake nani atakayekuja kumchukua. Kisha akajitoa mkononi mwake taratibu, kidole kimoja kimoja, akatoka nje, na walimwona kupitia mlango akivuka barabara bila kugeuka.

Askari wa zamu alikuwa anakusanya karatasi zake. Akauona.

"Huu ufunguo umebaki," alisema. "Wa nani?"

Inspekta Miwani alimtazama mama, kisha baba, akainua kalamu tayari kuandika jibu.